Ufunguo Ulipozimika

Ukipima kwa mizani, kitu ghali kuliko vyote katika karakana ya kudarizi si mashine wala uzi. Ni kipande cha plastiki kinachoshikika kwa vidole viwili, kimechomekwa nyuma ya kompyuta, na ndani yake kuna taa ndogo nyekundu. Mgeni akikiona hudhani ni flashi. Hakina picha, hakina nyimbo, hakina faili lolote unaloweza kulifungua. Kazi yake ni moja tu: programu ya kuchorea nembo inapowashwa huuliza kama kipo, na kila baada ya muda huuliza tena. Kikiitika, unafanya kazi. Kisipoitika, programu uliyoinunua kwa mamilioni ya shilingi inabaki dirisha la kijivu lenye ujumbe mmoja wa Kiingereza. Wauzaji hukiita dongoli. Sisi Kariakoo tulikiita ufunguo.

Nawaandikia mafundi wenzangu, wa darizi na wa fani nyingine zinazoishi kwa funguo hizi: wapima ardhi, wachora ramani za majengo, watu wa studio za muziki. Ufunguo wetu ulikufa, na ulipokufa ndipo tulipolazimika kujua ni kitu gani hasa tulichokuwa tumekinunua.

Programu hiyo tuliinunua dada yangu na mimi kwa mkopo wa kikundi. Kabla ya hapo tulikuwa na mashine ya vichwa sita na hatukuwa na namna ya kuchora. Kila nembo mpya tulimpelekea bwana mmoja wa mtaa wa pili, akatuuzia faili. Akisafiri, tunasubiri. Akipandisha bei, tunalipa. Majirani wengi walitumia programu zilizovunjwa, zile zinazouzwa kwa bei ya sahani ya pilau, na walitushangaa tulipokwenda kulipa bei yote. Dada alikuwa na jibu lake na hakulibadilisha: anayechukia kuibiwa mchoro hana ruhusa ya kuiba mchoro. Hayakuwa maneno matupu. Kulikuwa na duka lililokuwa likinunua sweta zetu moja moja, likipiga picha nembo na kuzitoa upya kwa bei ya kutupwa.

Kwa hiyo sikuwahi kuwachukia waliobuni ufunguo. Najua walichokuwa wakikikimbia. Nao wamekikimbia muda mrefu: mwaka 1980 programu ya kuandikia iitwayo Wordcraft, ya kompyuta za Commodore PET, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulindwa kwa kifaa cha kuchomeka. Mwaka 1989 Cubase, programu ya muziki ya kampuni ya Steinberg ya Hamburg, ilipotoka kwa ajili ya kompyuta za Atari ST, ufunguo wake ulichomekwa ubavuni, kwenye tundu la katriji. Kisha funguo zikahamia kwenye tundu la printa, na mwisho kwenye USB.

Za zamani mtundu aliweza kuziiga, maana jibu lake lilikuwa lilelile kila siku. Za sasa zina chipu yenye akili yake. Programu hutuma namba ya kubahatisha, chipu huigeuza kwa siri iliyofungiwa ndani, na programu hulikagua jibu. Siri yenyewe haitoki nje kamwe. Ndiyo maana huwezi kuunakili ufunguo kama unavyonakili flashi, na ndiyo maana fundi wa elektroniki wa Mtaa wa Kongo, awe hodari namna gani, hawezi kukutengenezea wa pili. Kichwa cha USB kilichopinda atakibadilisha. Chipu ikiungua, atakurudishia na kukupa pole.

Hasira za wateja nazo ni za siku nyingi. Mwaka 1986 kampuni ya Autodesk iliweka kufuli la aina hii kwenye toleo la 2.5 la AutoCAD, programu ya wachora ramani. Wateja wa Marekani wakapiga kelele, na haukupita muda mrefu likaondolewa kwao. Walionunua nje ya Marekani na Kanada waliendelea nalo kwa miaka. Niliposoma habari hiyo niliumia, kwa sababu usumbufu ule unamwelemea zaidi yule aliye mbali na kiwanda: mtu wa huko anapelekewa ufunguo mwingine kesho yake, sisi tunaanza kuuliza nauli ya kifurushi na ushuru wa forodha.

Wetu ulizimika Novemba ikielekea ukingoni. Anayejua biashara ya sare anaelewa maana yake. Shule hufunguliwa Januari, na katika wiki zile chache wazazi wote wa Dar es Salaam wanataka sweta kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeuangusha ufunguo. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikanusurika, taa nyekundu haikuwaka tena. Tuliuchomeka kwenye kila tundu, tukaupeleka kwenye kompyuta ya jirani. Hakuna kitu.

Wakala aliyetuuzia alikuwa ameshafunga ofisi. Tukaandika moja kwa moja kwa kampuni ng'ambo, na jibu likaja, la adabu na lililo wazi. Ufunguo mbovu hubadilishwa kwa ada, lakini lazima ule mbovu uwafikie kwanza. Uliopotea au kuibiwa haubadilishwi. Unanunua programu upya kwa bei yake kamili.

Dada alilisoma jibu lile kwa sauti, akanitazama. "Kumbe leseni si ile risiti."

Ndivyo ilivyokuwa. Risiti tulikuwa nayo, namba ya usajili tulikuwa nayo, jina la karakana lilikuwa kwenye daftari lao. Vyote hivyo havikuhesabika. Leseni ilikuwa kile kiplastiki, na mwizi ambaye angekichomoa usiku angekuwa mwenye programu kuliko sisi tuliolipa. Masharti ya namna hii si ya kampuni moja. Ni desturi ya biashara nzima ya funguo hizi, na mtu anayenunua huelezwa kila kitu kuhusu mishono na rangi lakini hili haelezwi. Basi nawaambia mimi: ukivunjika, okota kila kipande, hasa ganda lenye namba. Vipande ndivyo vinavyotofautisha ada ndogo na bei nzima.

Tukaukabidhi kwa watu wa vifurushi, tukarudi karakanani penye oda mezani na programu isiyofunguka.

Kilichotuokoa ni jambo ambalo kila fundi wa darizi analijua kwa mkono bila kulitilia maanani. Kuna faili la kuchorea na kuna faili la kushonea. La kuchorea ni mali ya programu yenyewe. Ndani yake herufi ni herufi na duara ni duara. Ukiikuza ngao ya nembo, programu inapanga mishono upya. Hilo bila ufunguo halifunguki. La kushonea ni jingine kabisa. Lililozoeleka ni DST, lililoanzia kwenye mashine za Tajima za Japani na sasa linasomwa na karibu kila mashine ya kiwandani. DST halijui herufi wala duara. Ni mfululizo wa hatua za sindano: sogea kulia kiasi hiki, panda juu kiasi hiki, choma, ruka, simama ili uzi ubadilishwe. Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haizidi milimita 12.1. Hata rangi halizijui. Linasema simama, na ni fundi anayejua kwamba baada ya hapo unafuata uzi wa njano.

Mashine haikuwa na habari na ufunguo wetu. Kila nembo tuliyowahi kuitoa kama DST iliendelea kushonwa kama jana. Na rangi? Dada alikuwa na mazoea ambayo mimi niliyaona ni ya kupoteza muda: kila nembo ilipokamilika aliandika kwenye daftari kubwa mpangilio wa nyuzi na namba za rangi zake, aina ya kitambaa cha kushikilia kwa chini, kasi ya mashine, kisha akabandika kipande kilichoshonwa. Msimu ule daftari lile ndilo lililokuwa ofisi yetu. Shule zote za zamani zilipata sweta zao, na hakuna mzazi aliyejua kwamba kompyuta yetu ilikuwa bubu.

Ugumu ulikuwa kwa oda mpya na kwa mabadiliko. Shule moja ilitaka nembo yake iwe ndogo ikae kwenye kofia. Unaweza kupunguza DST kwenye mashine yenyewe, lakini idadi ya mishono haipungui. Ukilibana sana, mishono inarundikana mahali pamoja, sindano zinavunjika, kitambaa kinakakamaa. Ukilikuza, kitambaa kinachungulia katikati ya nyuzi. Asilimia kumi hivi unaweza kuivumilia; ukipita hapo hata mtoto ataona. Na kurekebisha neno lililokosewa katika DST ni kuhamisha nukta moja moja, kazi ya kuumiza macho.

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwetu ndiye aliyefungua njia. Alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akaiweka mezani. "Mjomba, hii inatoa DST." Ilikuwa Inkscape, programu huria ya kuchorea iliyoanza mwaka 2003, pamoja na kiongezo chake kiitwacho Ink/Stitch kinachogeuza michoro kuwa mishono. Havilipiwi, havina ufunguo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mwanzoni nilivitazama kama kitu cha kuchezea. Kijana akachora ngao, akaijaza mishono, akaihifadhi, mashine ikaisoma.

Haikuwa kazi rahisi, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu watu husema "tumia ya bure" kana kwamba ni kubadilisha kalamu. Programu tuliyoizoea ilikuwa ikiamua mambo mengi kimyakimya: mishono ya chini inayoshika kitambaa kabla ya ile ya juu, mwelekeo wa mishono, msongamano wake, kiasi cha kuongeza upana ili kitambaa kikivutwa ngao isibaki nyembamba. Kwenye Ink/Stitch ilibidi tuyaamue wenyewe. Herufi nene unaichora kingo mbili, ukaweka vijistari vya kuonyesha mwelekeo, na uzi ukapita kwa zigizaga baina yake. Ngao ya kwanza ilikunja sweta ikawa haivaliki. Ikabidi tujue kwa nini, na kujua kwa nini kulinifundisha darizi zaidi ya miaka yote niliyokuwa nikibonyeza kitufe. Nembo za zamani tulizihitaji kwa ukubwa mwingine. Tukafungua DST zake humo, tukachora upya juu ya alama za mishono. Kwa herufi ndogo na kwa kasi programu ya kulipia bado inaishinda ile huria, nami nazitumia zote mbili hadi leo.

Katikati ya pilikapilika hizo jirani alikuja na flashi mfukoni. Ilikuwa programu ileile yetu, imevunjwa, ina kijiprogramu kinachojifanya ufunguo. "Kaka, wewe umeshalipa," akasema. "Ukitumia hii unamwibia nani?"

Swali lile ni zito, na sikulijibu haraka. Aliyeiba hakuwa na ufunguo wa kuzimika. Kazi yake haikusimama hata saa moja. Aliyelipa ndiye aliyekaa gizani. Mfumo unaomtesa mwaminifu na kumwacha mwizi una kasoro, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayoifuta.

Baadaye niligundua kwamba swali la jirani limewahi kufika mbali. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kinga za kidijitali, lakini sheria hiyohiyo inataka orodha ya ruhusa maalumu ipitiwe kila miaka mitatu, chini ya Mkutubi Mkuu wa Maktaba ya Bunge. Mwaka 2003, kisha 2006 na 2010, orodha iliruhusu mtu kuupita ufunguo wa aina hii ikiwa umeharibika na umepitwa na wakati, yaani hautengenezwi tena, au mbadala na matengenezo yake havipatikani sokoni kwa njia ya kawaida. Orodha ya 2012 haikuwa na ruhusa hiyo tena. Naona ilikuwa kipimo cha haki, na kuiacha ilikuwa hasara. Ilimwambia mnunuzi: kwanza omba mbadala, ukinyimwa kwa sababu hakuna aliyebaki wa kukupa, programu ni yako, ifungue. Kwa kipimo hicho sisi tulikuwa bado na mtu wa kumwomba, kifurushi kilikuwa njiani, na flashi ya jirani tukaikataa. Kampuni ingekuwa imekufa, ningeichukua mchana kweupe na kutetea hadharani kwamba haki iko upande wangu.

Na kampuni hufa, au huuzwa. Familia ya funguo iliyo maarufu kuliko nyingi, HASP, ilitoka kwa Aladdin ya Israeli. Mwaka 2009 Aladdin ikaingia mikononi mwa SafeNet, SafeNet ikanunuliwa na Gemalto mwaka 2015, na Gemalto ikawa ya Thales ya Ufaransa mwaka 2019. Funguo hizo bado zipo na zinafanya kazi. Lakini aliyenunua programu mwaka 2008 kutoka kwa mtengenezaji mdogo ameona jina juu ya ufunguo wake likibadilika tena na tena, na Windows nayo ikibadilika chini yake. Ufunguo unaweza kuwa mzima kabisa ukakosa programu-endeshi ya kuutambulisha kwenye kompyuta mpya. Ndiyo sababu katika karakana nyingi utakuta kompyuta chakavu yenye Windows XP imefunikwa kitambaa kwa heshima zote: ikifa hiyo, mbadala wake hautauelewa ufunguo.

Wengi husema dawa ni kuachana na funguo na kuhamia kwenye akaunti ya mtandaoni. Ndiko dunia inakoelekea. Adobe ilihamia kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013. Steinberg nao, waliokuwa na funguo tangu enzi za Atari, walitoa Cubase 12 mwezi Machi 2022 bila ufunguo, na huduma ya funguo zao za zamani ikafungwa Mei 2025. Mwenye ufunguo mzima ataendelea kuutumia. Ukimharibikia baada ya hapo, hana pa kuupeleka.

Mimi nina shaka na dawa hiyo, na shaka yangu ina tarehe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Tanzania tuliumia sana. Ufunguo mpya ulikuwa umefika zamani, umechomekwa, na karakana yetu ilichora siku zile zote kwa sababu ufunguo hauulizi mtandao. Rafiki yangu mwenye duka la kuchapisha fulana, ambaye programu yake ilitaka kuingia kwenye akaunti, alikaa mlangoni akisubiri. Ukiniwekea ufunguo na malipo ya kila mwezi mezani, nitachagua ufunguo, mradi muuzaji anipe wa akiba kwa bei ya kifaa tu, na aniandikie kwamba akifunga biashara atanifungulia programu. Nimewauliza mawakala wengi mambo hayo mawili. Wengi hushangaa kwanza kwamba fundi anauliza.

Kwa sasa ufunguo wetu hauchomekwi tena nyuma ya kompyuta. Upo kwenye waya mfupi wa kurefushia, juu ya meza, ili kiti kikigonga kigonge waya, na kompyuta inapata umeme kupitia kifaa cha kutuliza mishtuko. Usiku dada huenda nao nyumbani. Tunapoukatia bima tunautaja kwa bei ya programu nzima, maana ukipotea hiyo ndiyo hasara. Kila nembo inapokamilika tunatoa DST siku hiyohiyo, mchoro wake tunauhifadhi kama SVG ambayo programu yoyote ya michoro itaisoma, na daftari linaandikwa.

Kuna jambo lingine lililobadilika, na hilo lilitoka kwa mteja. Desturi ya mtaa wetu ni kwamba shule hulipia kuchorewa nembo, lakini faili hubaki kwa fundi, ili mwaka unaofuata shule irudi kwake itake isitake. Mwalimu mkuu mmoja wa Temeke alikuja kuchukua sweta, akasikia habari za ufunguo, akauliza, "Fundi, na ile nembo yetu tuliyokulipa uichore? Siku ukifunga duka, shule itabaki na nini?"

Nilimwangalia dada. Alikuwa ameshaanza kutafuta flashi. "Mwalimu, ngoja nikuwekee," akasema, na akamwandikia mpangilio wa rangi kwenye karatasi.

Tangu hapo risiti zetu zinasema faili la kushonea na mchoro ni vya shule. Wapo waliovichukua wakahamia kwa fundi wa bei ya chini, na mafundi wenzetu hawakufurahi. Tumelazimika kupanga bei upya: kazi ya kuchora tunaitoza kwa thamani yake, badala ya kuifanya nafuu kwa kutegemea sweta ambazo labda hazitakuja.